Jina Lililosomwa Mara Mbili

Mwaka jana walimkalisha kando ya spika. Spika yenyewe kubwa, nyeusi, inamfika mtu kiunoni, na aliyempeleka pale alikuwa na nia njema kabisa. Alimshika mkono, akamwonyesha kiti, akaipigapiga ile spika kwa kiganja huku akitabasamu, maana yake, hapa mama utaambulia walau kidogo. Fundi akamshukuru kwa kichwa. Hajasikia kitu tangu ana miaka minne, na pale kando ya spika hakusikia kitu vilevile, ila kila kwaya ilipoteremka kwenye besi mbavu zake zilitetemeka na chai ikamwagikia kwenye kisosi.

Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya hospisi. Hospisi ni ile nyumba ndefu nyuma ya hospitali kuu, wanapotunzwa wagonjwa ambao madaktari wamekwisha kusema hawatapona, na kilichobaki ni kuwapunguzia maumivu. Mara moja kwa mwaka waliofiwa huitwa warudi. Wanakaa pamoja, wanakunywa chai, na majina ya marehemu wa mwaka ule yanasomwa moja moja. Jina likisomwa familia inasimama, ukumbi unanyamaza, muuguzi anawapelekea ua, wanakaa. Shughuli ni hiyo tu, lakini muulize aliyefiwa: ile nusu dakika ya kusimama mbele za watu ameingoja miezi.

Fundi hakusimama. Binti yake alimwambia kwamba jina la baba halikusomwa.

Sasa mwaka umepita na barua nyingine imekuja. Fundi aliisoma akiwa mezani, mkasi mkononi, kitambaa cha sare za shule kimetandazwa mbele yake. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima haumjui kwa jina jingine. Barua ilisema kamati ya maandalizi itakutana Jumamosi, na familia zenye maoni zinakaribishwa. Aliweka mkasi chini, akaipiga meza ngumi mbili. Ndiyo namna yake ya kuita. Binti akatokea jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Maoni ninayo," Fundi alisema kwa mikono. "Tena mengi. Jumamosi tunakwenda."

"Jumamosi nina zamu dukani." Binti anauza kwenye duka la dawa, karibu na kituo cha basi.

"Badilishana na mwenzako."

"Mama, mambo ya mwaka jana yamepita."

"Kwako yamepita! Walisoma majina sitini na tatu, wakamruka mume wangu. Miezi minne alilala pale. Walimwosha, walimgeuza, walimtania, Bwana Friji leo umependeza. Halafu siku ya kumtaja, wamemsahau? Nataka mtu anieleze uso kwa uso."

Kwenye kochi alikaa shangazi wa binti, dada wa marehemu, akishonea vifungo kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa. Ameishi na wifi yake miaka kumi na moja na amejifunza alama ishirini tu za mikono, nusu yake matusi.

"Amesemaje?" akauliza.

"Anataka kwenda kamatini akawaulize habari za mwaka jana."

"Na aende! Kaka yangu hakuokotwa jalalani. Mwambie nitamwazima kitambaa changu cha zambarau, wamwogope."

Binti akarudi jikoni, akafungua bomba, akasimama tu akitazama maji yanavyomwagika.

Na tuseme ukweli mapema, maana sina sababu ya kumfichia mtu. Jina lilisomwa. Mwaka jana binti alikuwa amesimama mbele ya mama yake, mgongo wake kwa msomaji, anatafsiri kila neno kwa mikono kama alivyotafsiri tangu ana miaka mitano: benki, sokoni, shuleni kwake mwenyewe mwalimu alipomwita mzazi kumshtaki. Majina ya watu wengine aliyaandika hewani kwa vidole, herufi kwa herufi. Lakini baba alikuwa na jina lake la mikono. Alipewa na Fundi siku za uchumba: kidole cha shahada kilichokunjwa kinagonga shavu mara mbili. Feni ya jokofu ilimkata kipande cha kidole hicho akiwa bado anajifunza ufundi wa friji, na alipojifunza kusema kwa mikono, nusu ya maneno yake yalitoka na kithembe. Fundi alicheka kithembe hicho miaka thelathini.

Basi binti alilisikia jina. Akakunja kidole, kikafika shavuni, kikabaki pale. Msomaji akasoma tena. Watu wakageuza shingo kutafuta familia. Binti alijua kabisa kwamba akiligonga lile shavu ataanguka, na akianguka, nani atamtafsiria mama? Msomaji akasema, "Inaonekana hawakufika," akaenda kwa linalofuata.

"Wamesema nani?" Fundi akauliza.

"Hakuna. Wanageuza karatasi."

Uongo wa sekunde mbili. Jioni mama alipouliza mbona baba hakutajwa, ukawa uongo wa mwaka mzima.

*

Kamati ilikutana kwenye chumba cha wauguzi, meza mbili za plastiki zimeunganishwa, ratiba ya dozi bado imebandikwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mke wake alifia pale miaka sita iliyopita, na tangu hapo hajakosa mkutano hata mmoja. Pembeni yake alikaa Sista, muuguzi mkuu, mwanamke mnene wa sauti ya chini, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Wengine walikuwa wachache, na maua ndiyo yaliyokuwa yanawagombanisha.

"KARIBU MAMA!" Mwalimu alipaza sauti mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akaitika. "UMEAMKAJE?"

Fundi akampa mkono. Mwalimu akamgeukia binti, sauti ikashuka palepale. "Mwambie mama tunashukuru sana. Mwambie uwepo wake tu unatutia moyo. Yeye huwa anaelewa?"

"Anakutazama wewe, Mwalimu," binti alisema. "Mwambie mwenyewe, mimi nitatafsiri."

"Ndiyo, ndiyo. Mpe soda kwanza."

Soda ikaja na mrija, kama kwa mtoto. Fundi akauchomoa mrija, akauweka mezani, akaanza kusema. Sheria ya kutafsiri ni kwamba anayetafsiri husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno, kwa hiyo waliokaa pale walimsikia msichana wa miaka ishirini na saba akisema, huku macho ameyainamisha:

"Mimi ni mke wa fundi friji aliyelala kitanda cha dirishani. Mwaka jana mlisoma majina ya watu wote mkamruka mume wangu. Sikuja kuomba chochote. Nimekuja kuuliza kwa nini."

Sista akavaa miwani.

"Tumruke?" alisema. "Hapana, mama. Hilo haliwezekani. Orodha naandika mwenyewe." Akainuka, akavuta faili kabatini, akalamba kidole na kufunua. "Huyu hapa. Namba arobaini na moja. Alisomwa, tena mara mbili. Nakumbuka kwa sababu ua lake nilikuwa nimelishika mkononi, nikazunguka ukumbi mzima nikitafuta familia iliyosimama."

Watu wote wakamtazama binti, wakingoja mikono. Mikono haikwenda popote.

"Anasema nini?" Fundi akauliza.

Hebu jiweke pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema, anaomba radhi, anasema ni bahati mbaya, na mama angepokea, na wangetoka pale wakiwa wameshinda. Tena mkono wake wa kulia ulikwisha kuanza kupanda kifuani kuomba radhi ya uongo. Lakini Sista, maskini, kwa wema wake wote, aliisukuma ile karatasi juu ya meza hadi mbele ya Fundi, akaweka ukucha chini ya jina.

Fundi anasoma vizuri sana. Jina la mumewe, tiki mbili, na mbele yake kwa kalamu nyekundu: *Familia haikufika*.

"Tulikuwepo," alisema. Akamgeukia binti. "Jina lilisomwa?"

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Mara mbili?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu."

"Ndiyo, mama."

"Wanasemaje?" Mwalimu aliuliza kwa wasiwasi. "Mama amechanganyikiwa? Mwambie asijali, mwaka huu binti tutamsogeza karibu kabisa na msomaji, atafsiri vizuri, asikose neno."

"Mwaka huu mimi sitafsiri," binti alisema kwa mdomo. Hilo hakulipeleka kwa mikono. Sista peke yake ndiye aliyeinua macho kumtazama.

Fundi akasimama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Alisema polepole, alama moja moja, na binti ikabidi ayatoe maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe:

"Naomba radhi kwa kuwasingizia. Kosa ni la nyumbani kwangu."

Soda akaiacha pale pale, haijaguswa.

*

Mtu asiyesikia akiamua kutozungumza na wewe, hakuna namna. Huwezi kumpigia kelele nje ya mlango wala kumwimbia. Anakupa mgongo, yamekwisha. Fundi alimpa binti mgongo siku mbili. Cherehani ilianza kulia asubuhi, ikalia mpaka jua likachwa, sare za shule zikapanda kwenye kiti mpaka zikaanza kuteleza. Binti alipika, mama akala akitazama dirishani.

Siku ya tatu shangazi akachoka. "Mimi nimezeeka," alisema peke yake, kwa sauti, "siwezi kukaa katikati ya watu wawili wanaonuniana kimyakimya. Afadhali wangetukanana." Akainama, akashika waya wa cherehani, akauchomoa ukutani.

Sindano ikasimama. Fundi akageuka, macho yamemtoka. Shangazi akasimama mbele yake, waya mkononi, akakusanya alama zake zote ishirini na kuchagua zinazofaa.

"Wewe. Mtoto. Zungumza," alisema. "Mimi, choka." Kisha akaongeza moja ya zile za nusu ya pili, za matusi, na Fundi, hakutaka, lakini mdomo ukamcheza.

Binti akaketi kwenye kigoda, magoti yake yakagusana na ya mama.

"Ulimwonea haya baba yako?" Fundi aliuliza. "Au ulinionea haya mimi? Umechoka kusimama mbele za watu unarusha mikono?"

"Sijawahi kukuonea haya, mama. Hata siku moja."

"Basi kwa nini?"

"Nikuulize mimi kwanza. Nani alikuambia baba anakufa?"

"Daktari."

"Mimi!" Binti alijipiga kifua. "Mimi ndiye niliyekuambia. Daktari alifungua mdomo, ukamtazama, halafu ukanitazama mimi. Nikakuambia, kwa mikono hii. Ukalia. Na mimi sikulia, kwa sababu daktari alikuwa bado anasema, alikuwa amefika kwenye dozi, na dozi haitaki makosa. Watu walipokuja msibani, wiki nzima, kila mtu alikupa pole, na kila pole ilipita kwangu. Pole sana, poleni, poleni mno. Zote nimezifikisha. Hakuna hata moja iliyobaki kwangu. Sijamlilia baba, mama. Sijui nitaanzia wapi. Nikilisikia jina lake, kitu cha kwanza nafikiria ni namna ya kulitafsiri."

Mikono yake ilikuwa inakwenda mbio hivi kwamba maneno ya mwisho Fundi aliyaokoteza tu. Aliyakumbuka yale machozi yake mwenyewe, namna alivyolia mpaka koo likamuuma, na mbele yake wakati wote ule palikuwa na uso wa mtoto huyu, mkavu, umetulia, unamweleza vijiko na saa. Hakuwahi kujiuliza. Jambo hilo lilimuuma kuliko ule uongo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema sitafsiri, nani angetafsiri?"

Fundi akavuta pumzi.

"Uongo wako umenifanya niwachukie mwaka mzima watu waliomwosha mume wangu," alisema. "Hilo sijalisamehe. Nitalisamehe, lakini leo bado. Kutafsiri, umemaliza. Mwaka huu utakaa kwenye kiti kama mfiwa."

"Na wewe utafanyaje?"

"Binti yangu, mimi nilikuwa kiziwi kabla wewe hujazaliwa. Nilinunua cherehani. Nilikwenda mahakamani kudai kiwanja, nikashinda. Nikamchumbia baba yako, maana yeye alikuwa mwoga. Nani alikuwa ananitafsiria?"

"Mmemaliza?" shangazi aliuliza, waya bado mkononi. "Nichomeke?"

*

Jumatatu iliyofuata Fundi alikwenda hospisi peke yake, na daftari la kurasa mia. Mwalimu alipomwona mlangoni alichungulia nyuma yake kumtafuta binti. Fundi akafungua ukurasa wa kwanza, alikuwa ameuandika kabisa kwenye basi: *Binti yupo kazini. Mwenye shida ni mimi.*

Mwalimu akatoa kalamu na kujibu: *KARIBU MAMA. TUKUSAIDIE NINI?* Fundi akatazama zile herufi kubwa, akamtazama na yeye. Hata kwenye karatasi mtu huyu anapiga kelele.

Akaomba faili la mwaka jana. Sista akalileta mwenyewe, akavuta kiti. Fundi akapitisha kidole kwenye orodha, taratibu, na kila penye wino mwekundu akaweka kifungo cha shati, maana vifungo havikosi mfukoni mwake. Alipomaliza, vilikuwa tisa.

*Hawa nao hawakufika*, aliandika. *Mliwauliza kwa nini?*

Sista na Mwalimu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mtu asipokuja unadhani ana shughuli zake, au bado ana uchungu, unamwacha.

*Mimi nilikuwepo nikaandikwa sikufika*, Fundi aliandika. *Huenda siko peke yangu.*

Sista akaanza kupiga simu siku ileile, kila alipopata nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kufikia Ijumaa alikuwa amewapata wote wanane waliobaki. Mzee mmoja alikuwa ukumbini, mstari wa nyuma kabisa, kwenye kiti cha magurudumu. Jina la mkewe liliposomwa hakusimama kwa sababu hasimami. Mlinzi wa ghala alikuwa zamu, aliomba ruhusa akaambiwa kumbukumbu si mazishi. Mwanamke mwingine alikaa na marehemu miaka minane, akamlisha kwa kijiko mpaka mwisho, lakini fomu ya kumpokea mgonjwa ina mstari mmoja tu wa ndugu, na pale aliandikwa kaka. Barua ikaenda kwa kaka. Kaka hakufika. "Sikujua kama kulikuwa na siku," yule mwanamke alimwambia Sista kwenye simu. "Nilidhani mimi sihesabiwi." Sista aliweka simu chini, akaenda chooni, akakaa humo dakika tano.

Mkutano uliofuata Fundi alikuwa na kiti chake mezani, daftari wazi, na Sista akimwandikia yaliyosemwa. Habari za tisa zikasomwa. Mwalimu alisikiliza, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amezoea ratiba.

"Nawahurumia," alisema. "Lakini majina yale ni ya mwaka jana, na yalikwisha kusomwa. Tukirudia tisa, kesho watakuja ishirini."

Sista akaandika. Fundi akasoma, akaandika maneno matatu, akaligeuza daftari limwelekee Mwalimu.

*Yalisomwa kwa nani?*

Mwalimu alifundisha miaka thelathini na tatu, anajua swali lisilo na jibu likimfika. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Yarudiwe," alisema. "Tuanze nayo."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ukumbi wa ghorofani wakauacha, wakachagua chumba cha kulia cha hospisi, mlango wake mpana na hakuna ngazi. Shughuli ikasogezwa kwenye saa walinzi wanapobadilishana zamu. Majina yataandikwa kwa herufi za kusomeka mbali, yanyanyuliwe yanaposomwa. Asiyeweza kusimama atanyanyua mkono. Fomu ikaongezwa mistari minne, na juu yake badala ya "ndugu" wakaandika "watu wake". Palipokwama ni kwa mkalimani. Shule ya viziwi ilikuwa na mwalimu mmoja aliyesomea kazi hiyo, na hafanyi bure.

"Si tuna binti?" Mwalimu aliuliza. "Anaijua kazi, tena shughuli ni yao wenyewe."

"Binti ni mfiwa," Sista alisema. Sauti yake ya chini ilikuwa imekuwa ngumu. "Wewe mwaka ule tulipomsoma mkeo, tulikupa trei ugawe chai?"

Mwalimu akatazama kofia yake. Maua yakapunguzwa nusu, mkalimani akapatikana.

*

Siku yenyewe chumba cha kulia kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Fundi alikaa mstari wa mbele, binti akiwa katikati yake na wifi yake aliyevaa zambarau kuanzia kichwani hadi viatuni. Mkalimani, kijana mrefu wa shati jeusi, alisimama bega kwa bega na msomaji. Fundi alikwisha kukaa naye nusu saa kabla, akamfundisha majina ya mikono ya kila marehemu aliyekuwa nalo, akamrudisha mara tatu mpaka akaridhika.

Mwalimu alifungua kwa kuwakaribisha wote. Neno la kwanza lilipotoka tu, mikono ya binti ikainuka yenyewe kutoka mapajani. Mama akaipiga kofi dogo, ikashuka. Kwenye sentensi ya pili ikainuka tena. Akaipiga tena. Shangazi akacheka kwa kuguna, akaitwaa mikono yote miwili ya binti, akaibana kwapani mwake.

"Kaa kwenye kiti chako," alimnong'oneza. "Mkalimani wa watu analipwa."

Msomaji akaeleza, bila kuzunguka, kwamba wataanza na majina tisa ya mwaka jana, kwa sababu kamati iliandika familia hazikufika, na kosa lilikuwa la kamati. La kwanza likanyanyuliwa. Mzee wa kiti cha magurudumu akainua mkono juu kabisa, akaushikilia hivyo hata baada ya kupewa ua. La pili, la tatu. Yule mwanamke wa miaka minane alisimama peke yake, akatazama huku na huku kama anayengoja kuambiwa akae. Hakuna aliyemwambia. Sista alimpelekea ua mwenyewe.

La sita lilikuwa la fundi friji.

Msomaji alilisoma mara moja tu. Mkalimani akakunja kidole cha shahada, akagonga shavu, gonga, gonga. Fundi akasimama, shangazi akasimama, na binti akasimama katikati yao. Chumba kikanyamaza kama kilivyopangiwa.

Kisha binti akalia. Hakulia kwa kupangusa jicho kwa kona ya leso. Kilio kilitoka tumboni, kikamkunja, sauti nzito isiyofanana naye, na mle ndani ya kilio maneno yakaanza kutoka, kwa sauti, mbele ya watu wote. "Baba, sikukuaga. Ulikuwa unanitazama mimi, baba, na mimi nilikuwa namweleza mama. Nilikuwa namweleza mama, sikukuaga." Muuguzi mmoja alisogea na glasi ya maji. Shangazi akamzuia kwa mkono.

Mkalimani ni mtu wa kazi yake, na kazi yake inasema kila linalosemwa ukumbini asiyesikia ana haki ya kulijua. Alihama nafasi yake, akaja mbele ya Fundi, akainua mikono kumfikishia maneno ya mwanawe.

Fundi aliyaona machozi, aliona mdomo wa binti yake unavyofunguka na kufungika, hakujua unasema nini. Alitaka kujua. Alitaka sana. Akanyoosha mkono, akaishika mikono ya yule kijana, akaishusha taratibu mpaka chini.

"Hayo si yangu," alimwambia. "Anaongea na baba yake."